Kondomu Zilichomwa, Aibu Ikabaki

Mwezi wa 8 mwaka 1996, pale Uhuru Park, Nairobi, kondomu zilichomwa moto. Hazikuungua kwa ajali. Zililetwa kwa masanduku, pamoja na vijitabu vya kufundisha watu kujikinga na ukimwi, na mbele ya moto walisimama Kadinali Maurice Otunga wa Kanisa Katoliki na Sheikh Ali Shee, kiongozi wa maimamu. Dini mbili ambazo kwa mengi kila moja hushika njia yake, siku hiyo zilikutana kwenye kiberiti kimoja.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Wengi mnaonisoma pia hamkuwa. Lakini miaka hiyo ndiyo ukimwi ulikuwa unamaliza watu nchi hii. Dawa za kupunguza makali zilikuwa za wenye hela, na mafundi wa majeneza walikuwa hawalali. Kinga iliyokuwepo, ya bei ya chini kabisa, ndiyo ikapigwa kiberiti.

Naandika hii kwa sababu nimechoka na ule wimbo mmoja: eti vijana wa siku hizi wameharibika, ndio maana mimba, ndio maana magonjwa. Nikisoma historia naona kitu kingine. Kondomu ilifika zamani. Ushahidi kwamba inafanya kazi ulipatikana hapa hapa Kenya, zamani. Kilichokosekana kila mara ni ruhusa ya kuitaja, na kila mara aliyenyima ruhusa hakuwa yeye wa kubeba mimba wala ugonjwa. Twende polepole nikuonyeshe.

Wazee walikuwa wanaongea

Watu hudhani zamani huku kwetu Pwani haya mambo hayakutajwa kabisa. Si kweli. Mwulize Mmijikenda yeyote mwenye umri kuhusu chirwa. Mtoto anakonda, anabaki mifupa, ngozi inalegea, na wazee wanasema ni chirwa: baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamevunja mwiko wa kulala pamoja wakati ambao hawakufaa. Hawe wangu hadi leo akiona mtoto amedhoofika hushusha sauti, kisha hutazama wazazi, si mtoto. Wenzetu Watanzania wana neno lao, kubemenda, na maana yake haiko mbali. Waswahili nao wana tego, dawa ya kumtegea mke ili atakayemgusa anaswe.

Daktari akimwona mtoto yule yule ataandika utapiamlo, na daktari yuko sahihi. Lakini tazama kile ambacho wazee walikuwa wanafanya. Walikuwa na kanuni za mwili, na kanuni zenyewe zilijulikana na kila mtu kijijini. Mama akinyonyesha, apumzike. Watoto waachane. Ukitoka nje, unaleta balaa ndani ya nyumba yako. Kwenye mji wa Waswahili binti alikuwa na somo wake, mama mzima aliyekabidhiwa kazi ya kumfundisha mambo ya unyumba kabla hajaolewa, bila kung'ata maneno.

Sisemi turudi huko. Chirwa ilimwangukia mama mara nyingi kuliko baba. Mtoto akiumwa, macho yote kwake. Tego nalo lilikuwa la kumlinda mwenye mke, mke mwenyewe hakuulizwa. Ninachosema ni kwamba ule ukimya tunaouita "mila zetu" si wa kale kiasi hicho. Wazee walikuwa na mtu wa kuongea. Sisi tumemwondoa somo, na mahali pake hatukuweka mtu.

Kitu chenyewe kilitoka wapi

Hapa nitapita haraka. Mwaka 1564 huko Italia kilichapishwa kitabu cha daktari Gabriele Falloppio, aliyekuwa ameshafariki, akieleza jinsi alivyowapa wanaume 1,100 vitambaa vya kitani vilivyolowekwa dawa ili wasipate kaswende. Alidai hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Baadaye watu matajiri wa Ulaya walitumia utumbo wa wanyama, wanaosha, wanaanika, wanatumia tena. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear akagundua namna ya kuupika mpira na salfa ili usinate wala kupasuka ovyo, na kuanzia miaka ya 1850 kondomu za mpira zikaanza kutengenezwa. Hizi nyembamba za leo, za leteksi, ni za kuanzia miaka ya 1920.

Ona mpangilio wake: kwa mamia ya miaka ilikuwa kinga ya mwanaume dhidi ya ugonjwa. Mimba ilikuwa shida ya mwanamke. Hilo wazo limetufuata mpaka Junju, nitalirudia.

Kenya yenyewe ilianza mpango wa uzazi wa kitaifa mwaka 1967, kabla ya nchi yoyote nyingine kusini mwa Sahara. Lakini mpango ulikuwa kwenye karatasi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa watoto 8 kwa wastani, idadi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Leo ni 3.4, kwa hesabu ya 2022. Hiyo safari ilibebwa na vidonge, sindano, vijiti na koili. Yaani ilibebwa kwenye mwili wa mwanamke. Baba alikuwa anasubiri nje ya kliniki, kama alikuja.

Wanawake wa Majengo

Ugonjwa wa ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984. Serikali ikawa na wasiwasi na watalii kuliko na wananchi, habari zikasemwa kwa kunong'ona. Lakini mtaa wa Majengo, Pumwani, Nairobi, kulikuwa na watu ambao hawakuwa na nafasi ya kunong'ona: wanawake wanaouza miili yao kwenye vyumba vya udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walipowapima katikati ya miaka ya 1980, wengi wao walikuwa tayari wameambukizwa.

Sasa hapa ndipo mahali ninapopenda katika historia hii yote. Alikuwepo nesi Mkenya, Elizabeth Ngugi, aliyekuja kuwa profesa na kufariki 2015. Hakwenda Majengo na hotuba. Aliitisha baraza. Wanawake wakachagua viongozi wao wenyewe, wakafundishwa, wakafundishana, wakakubaliana kwamba mteja asiyetaka kondomu asipokewe na yeyote. Ukimkatalia wewe peke yako, anahamia mlango wa jirani. Mkimkatalia wote, ataenda wapi? Kondomu zikapanda kutoka kitu cha watu wachache mpaka kitu cha wengi, na mwaka 1988 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza: waliotumia kondomu walipata maambukizi machache.

Huku Pwani vilevile. Mwaka 1993 kliniki ya Ganjoni, Mombasa, ilianza kufuatilia afya za wanawake wa kazi hiyo hiyo, na utafiti ukaendelea kwa miongo. Mombasa ndiko malori yalikoanzia safari ya kwenda Uganda na Kongo, kwa hiyo ugonjwa wa bandarini ulikuwa ugonjwa wa barabara nzima.

Kwa hiyo ikumbukwe hivi: watu wa kwanza Kenya kuonyesha kwamba kondomu inaokoa maisha hawakuwa wasomi wakubwa peke yao wala wabunge. Walikuwa wanawake ambao ukikutana nao barabarani ungegeuza uso. Miaka 8 baada ya ushahidi wao kuchapishwa, ndipo kondomu zikachomwa Uhuru Park.

Orodha ya aibu

Nisiwaonee viongozi wa dini. Hofu yao ilikuwa na msingi. Waliona ndoa zinavunjika, waliona watoto wanaingia kwenye mambo makubwa mapema, wakasema kumpa kijana kondomu ni kumfungulia mlango. Kuacha na kuwa mwaminifu ni kinga, hilo halina ubishi, na mtu akiweza, aheshimiwe. Uganda ilishusha maambukizi kwa sehemu kubwa kwa sababu watu walipunguza wapenzi. Lakini Uganda waliongea. Mwaka 1986 waziri wao wa afya, Ruhakana Rugunda, alisimama mbele ya mkutano wa afya wa dunia akasema wazi kwamba nchi yake ina ukimwi. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kwamba anaumwa, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka akafariki mwaka huo huo. Hata Museveni mwanzoni hakuipenda kondomu, lakini ugonjwa aliutaja kila aliposhika kipaza sauti.

Sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na uvumi. Kwamba kondomu zina minyoo, ukitia maji na kuianika juani utaiona. Kwamba zimetiwa virusi makusudi ili Waafrika waishe. Mwaka 2003 Kadinali Alfonso López Trujillo wa Vatican naye akasema virusi vinapenya kwenye mpira, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kumkanusha.

Kisha angalia serikali. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Miaka 15 baada ya 1984! Julai 2001, serikali ikijiandaa kuagiza kondomu milioni 300, rais huyo huyo akasema anaona haya kutumia pesa kuagiza vitu hivyo, akaomba Wakenya waache ngono kwa miaka 2. Nchi nzima. Miaka 2. Wazee wa mangwe huku kwetu wakisimuliana hiyo mpaka leo hucheka mpaka mnazi unamwagika.

Februari 2010, Mtwapa, hapo jirani tu, umati ulivamia kituo cha KEMRI kilichokuwa kinatoa huduma za ukimwi, kwa sababu ya uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Kituo cha kupima na kutibu watu ndicho kilichozingirwa.

Machi 2013 tangazo la televisheni lililoonyesha mke wa mtu mwenye mpenzi wa nje, akishauriwa atumie kondomu, liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulalamika. Desemba ya mwaka huo huo, kule Cape Town, Kenya ikatia sahihi ahadi na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika kwamba itawapa vijana elimu kamili ya afya ya uzazi. Ukiwauliza madogo wanaosoma sekondari huku leo walifundishwa nini, watakuchorea mfumo wa uzazi wa sungura.

Unaona mtindo? Kila mara kitu kikiwa tayari kusaidia, mtu mzima mmoja anaona haya. Na haya zake ndizo zinakuwa sera.

Sasa Junju

Hii ndiyo sehemu inayoniuma, kwa sababu Junju si kijiji kisichojua sayansi. Junju ni moja ya vijiji ambavyo vimesaidia dunia. KEMRI na Wellcome Trust wako Kilifi tangu 1989, na kwa miaka mingi watoto wa Junju wamefuatiliwa kujua malaria inavyofanya kazi mwilini. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa mwaka 2007, ilijaribiwa kwa watoto 894 wa huku Kilifi, Junju ikiwemo, na wa Korogwe, Tanzania. Mama zetu walikaa kwenye mikutano, wakauliza maswali magumu, wakaelezwa damu itatolewa kiasi gani na kwa nini, wakakubali au wakakataa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika.

Kwa hiyo usiniambie watu wa Junju hawawezi kuelewa mambo ya kitaalamu. Mama asiyejua kusoma anaweza kukueleza kwa nini mtoto anatobolewa kidole. Neti tunazitundika wote, kwenye nyumba za mawe na za makuti, na hakuna anayeficha neti yake chini ya shati akitoka nayo zahanati. Malaria tumeizungumza juani, chini ya mkorosho, mbele ya chifu. Kisonono tunakizungumza wapi?

Huku nako mambo yako hivi. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba Kilifi asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Kenya nzima ilikuwa 18. Mwaka 2018, wakati wa mitihani ya darasa la 8 na kidato cha 4, habari za watahiniwa wanaojifungua zilijaa kwenye magazeti, na Kilifi ikawa jina la kila taarifa. Kamera zikaja, wakubwa wakaja, lawama zikaangukia disco matanga. Disco zikapigwa marufuku. Sawa, disco matanga usiku kucha na watoto wa shule ndani ni balaa, sitetei. Lakini mimba haiingii kupitia spika.

Na tuseme ukweli wote. Mwaka 2006 serikali na UNICEF walitoa ripoti kuhusu biashara ya ngono na watoto Pwani, kuanzia Malindi na Kilifi mpaka Mombasa na Diani, na ikasema kati ya watoto 10,000 na 15,000 walikuwa wanahusika kwa namna moja au nyingine. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Makosa ya Ngono. Mtu mzima na mtoto wa chini ya miaka 18, hapo hakuna mjadala wa kondomu, hapo ni jinai, awe mzungu wa hoteli, mwalimu, au bodaboda anayempeleka shule bure. Aibu yetu imewafaa sana hao watu. Mtoto asiyejua kuitaja sehemu yake ya mwili kwa jina atashtaki vipi?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya karo, na sijuti kuyasema. Chuoni, ambacho sitakitaja, kulikuwa na sanduku la kondomu za bure. Lilitundikwa ukutani ndani ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi, mkabala na meza yake. Ili uchukue, unabisha hodi, unasalimia, unaulizwa shida yako. Sanduku lile lilikuwa limejaa muhula hadi muhula. Nina hakika mahali fulani kuna ripoti iliyoandikwa kwamba vijana hawana haja na kondomu.

P2 imebeba mzigo wa wawili

Tuje leo. Ukitaka kujua kizazi changu kinaogopa nini, simama karibu na duka lolote la dawa barabara ya Mombasa–Malindi Jumatatu asubuhi. Hatuogopi ukimwi tena. Dawa ni za bure, watu wanaishi, na ni kweli mtu anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mpenzi wake. Tangu Mei 2017 kuna hata vidonge vya kujikinga kabla, na vifaa vya kujipima mwenyewe. Ni ushindi mkubwa, watu wamekufa tukiusubiri.

Tunachoogopa ni mimba. Kwa hiyo mpango wa uzazi wa vijana wengi ninaowajua ni huu: jamaa anasema hawezi kula pipi na ganda lake, kesho yake anatuma pesa ya P2 kwa M-Pesa, amemaliza wajibu. Unaona lile wazo la Ulaya nililolisema? Mimba ni shida ya mwanamke, na mwanaume akitoa hela ameshakuwa mtu wa maana.

Basi tuwekane sawa kuhusu P2. Inachelewesha yai kutoka. Inafaa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia. Haitoi mimba ambayo tayari imeshaingia. Ni ya dharura, haikutengenezwa iwe mpango wa kila wikendi, na njia za kawaida zinakinga vizuri zaidi. Na kwa kisonono, kaswende, klamidia na virusi vya ukimwi, P2 haina habari. Hata kidogo. Klamidia hasa ni mnafiki, inaweza kukaa kimya bila dalili huku inaharibu mirija ya uzazi, msichana akaja kujua miaka mbele anapotafuta mtoto.

Kondomu ndiyo kitu kimoja kinachofanya kazi zote mbili kwa mpigo. Ikitumika sawasawa kila mara, kati ya wanawake 100 ni 2 hivi watakaoshika mimba kwa mwaka. Kwa matumizi yetu ya kibinadamu, leo nimekumbuka kesho nimesahau, ni kama 13. Ndiyo maana mwenye njia yake nyingine, kijiti au sindano, bado anahitaji kondomu kwa ajili ya magonjwa. Haizuii kila kitu. Virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi huambukizwa hata kwa ngozi isiyofunikwa, na ndiyo sababu chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Kampelekeni dada yenu akachanjwe.

Na mambo madogo ambayo hakuna aliyetufundisha: angalia tarehe kwenye pakiti. Usiikae kwenye pochi mwezi mzima kwenye joto hili letu. Usivae mbili, zinasuguana na kupasuka. Na wanangu wa Pwani, mafuta ya nazi yaacheni kwenye nywele. Mafuta ya nazi, Vaseline, losheni, vyote vinaharibu leteksi kwa dakika chache. Kama unahitaji kilainishi, kiwe cha maji.

Nani atanunua

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu kuanzia 2003, pesa za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR zimebeba sehemu kubwa ya vita vya ukimwi Kenya. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje, na ndani ya wiki chache vituo vingi vilivyohudumia watu wanaoogopa kwenda hospitali ya kawaida vilifunga milango. Wahudumu wakapewa barua. Katikati ya mwaka huo shirika la USAID likafungwa.

Kwa miaka 20 na zaidi, viongozi wetu walikuwa na bahati ya ajabu: waliweza kuona haya kwa sababu mwingine alikuwa analipa. Mzungu ananunua kondomu, mheshimiwa anahubiri maadili, wote wanarudi nyumbani. Sasa bili imekuja Nairobi na Kilifi. Safari hii mtu atalazimika kusimama bungeni, au kwenye bunge la kaunti, aseme kwa mdomo wake: tutenge pesa za kondomu. Na ninaogopa kwamba itakuwa 2001 tena. Hakuna atakayechoma chochote. Mstari utaachwa tu kwenye bajeti, kimya kimya.

Mimi ninataka vitu vitatu, na vyote viko ndani ya uwezo wa Junju. Kwanza, sanduku la kondomu litoke nyuma ya kaunta. Liwekwe mangwe, liwekwe kwenye steji ya boda, kwenye matimbo ya mawe, chooni, mahali ambapo mtu anachukua bila kutoa salamu. Pili, zile baraza za malaria, zile zile, na wale wale wahudumu wa afya wa kijiji tunaowaamini na vidole vya watoto wetu, wapewe siku moja ya kuongea haya, mabinti kivyao na wavulana kivyao kama hiyo itawarahisishia. Somo arudi, na safari hii wavulana nao wawe na wa kwao. Tatu ni ya sisi wanaume: kama unaweza kutuma pesa ya P2, unaweza kuchukua kitu cha bure kabla.

Diwani wetu atakuja kuomba kura 2027. Atazungumzia maji, barabara na basari, na ni haki yake. Atakapomaliza na kuuliza kama kuna swali, nyoosha mkono umwulize kondomu za zahanati ya Junju ziko kwenye bajeti ya mwaka gani. Uliza kwa sauti, watu wakiwepo. Wanawake wa Majengo waliweza kulitaja hilo neno mbele ya baraza miaka ya 1980, na wao walikuwa na mengi zaidi ya kupoteza kuliko wewe.